Joy Adamson: Mlezi wa simba aliyetuachia sura za wazee

BARABARA itokayo mjini Meru kuelekea Maua hupita Kangeta, mahali ambapo jina lake linajulikana na watafunaji wa miraa wa Nairobi na Mombasa hata kama hawajawahi kupaona kwa macho, kwa kuwa aina moja ya miraa huuzwa kwa jina hilo hilo. Hapo ndipo pia hupita magari ya watalii yaendayo Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Yakishafika Maua, huteremka upande wa pili wa milima ya Nyambene hadi lango la Murera, na walio ndani aghalabu wana jina moja tu midomoni: Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarudishwa mwituni.

Wachache miongoni mwao wanafahamu kwamba mwanamke aliyemlea simba huyo alikuwa na kazi nyingine iliyotangulia. Kabla Elsa hajazaliwa, Joy Adamson alikuwa ameizunguka Kenya kutoka kaskazini hadi pwani, brashi mkononi, akiwachora wenyeji wake wakiwa wamevalia mavazi ya mababu zao. Wameru na Watharaka wamo katika picha hizo. Zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako baadhi yake zimetengewa maonyesho, na nyingine zilitundikwa katika kuta za Ikulu. Hata hivyo, watoto wa shule wanaopelekwa makumbusho hukimbilia mafuvu ya binadamu wa kale na ndege waliokaushwa. Picha za bibi wa simba huzipita kwa haraka.

Si haki kuzipita hivyo. Huenda picha hizo ndizo kazi kubwa kuliko zote alizozifanya, ingawa pia ndizo zinazoibua maswali magumu zaidi kumhusu.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo chini ya himaya ya Austria na ambao leo huitwa Opava, nchini Czech. Jina alilopewa ni Friederike Victoria Gessner. Alikuwa wa pili miongoni mwa mabinti watatu wa familia yenye uwezo. Wazazi wake walitengana angali mtoto, naye akapelekwa Vienna kulelewa na nyanya yake. Huko alijifunza mambo mengi bila kutulia katika lolote: piano, ambayo alitumaini ingemfikisha kwenye majukwaa makubwa, ushonaji, upigaji picha, hata akawaza kusomea udaktari.

Miongoni mwa hayo yote, moja ndilo linalotuhusu hapa. Binti huyu alisomea uchongaji wa sanamu. Mchongaji hufundishwa kuuona uso wa mtu kama kitu chenye uzito na mifupa chini ya ngozi, chenye upande unaopokea mwanga na upande uliojificha gizani. Hakupata jina katika fani hiyo, na hakuna sanamu yake inayotajwa na watu. Lakini mtu akisimama mbele ya picha zake za wazee wa Kenya na kutazama jinsi mashavu yalivyojaa au kubonyea, na jinsi ndewe ya sikio inavyovutwa chini na uzito wa pambo, ataona kwamba mkono uliochora uliwahi kufinyanga udongo.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu mwenye asili ya Kiyahudi. Wanazi walipokuwa wakizidi kupata nguvu Ulaya, mume huyo alimtuma mkewe mwaka 1937 aje Kenya kutazama kama wangeweza kuhamia huku. Melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Von Klarwill alipowasili, ndoa ilikuwa imekwisha. Mwaka 1938 bibi huyu akaolewa na Bally, naye Bally, ambaye hakulipenda lile jina refu la Kijerumani, akamwita Joy. Jina hilo likamganda hadi kufa kwake, japo waliomfahamu wangeweza kushangaa kwa nini mtu mwenye hasira za karibu kiasi kile aliitwa furaha.

Bally alifanya kazi na makumbusho ya Coryndon, yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1930 na ambayo baada ya uhuru yaligeuka kuwa Makumbusho ya Kitaifa. Wawili hao walisafiri pamoja wakikusanya mimea. Bally alipoona mkewe anachora ua moja kwa ustadi, alimhimiza aendelee, na hapo ndipo kazi ya kweli ya maisha yake ilipoanzia. Alichora mamia ya maua ya porini ya Afrika Mashariki. Picha za vitabu vya mimea na bustani zilitoka mkononi mwake, na mwaka 1947 Shirika la Kifalme la Kilimo cha Bustani la Uingereza lilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alikwenda London na kusoma kwa muda katika chuo cha sanaa cha Slade.

Uchoraji wa mimea una sheria zake. Mchoraji hana ruhusa ya kupamba. Petali zikiwa tano, sharti achore tano. Jani likiwa na meno pembeni, sharti meno yaonekane, maana mtaalamu atakayeitazama picha hiyo miaka hamsini baadaye ataitumia kuutambua mmea. Joy aliizoea nidhamu hiyo kwa miaka kumi kabla hajageukia sura za watu.

Ndoa ya pili nayo ilivunjika. Mwezi Januari 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyezaliwa India na ambaye makao yake yalikuwa Isiolo, penye mlango wa kuingilia maeneo makame ya kaskazini. Kwa mchoraji huyu, Isiolo palikuwa mahali pa ajabu. Upande mmoja kulikuwa na Wasamburu, Waborana, Warendille na Waturkana. Upande wa pili, kwa mwendo mfupi wa kupanda mlima, ilikuwapo nchi ya Wameru yenye mashamba ya kijani, na chini yake katika joto la uwandani wakaishi Watharaka.

Wakati huo mavazi ya asili yalikuwa yakitoweka. Misheni za Wakatoliki na Wamethodisti zilikuwa zimekaa Meru kwa miongo kadhaa. Shule zilitaka kaptura na gauni, nayo makanisa yakakataza baadhi ya mapambo kwa kuyahusisha na mila walizoziita za giza. Vijana waliotoka vitani Burma walirudi na makoti. Ngozi za mbega, mikufu ya chuma na shanga zilizokuwa vazi la sherehe zilianza kulazwa ndani ya nyumba kama kumbukumbu, au kuuzwa.

Joy aliliona hilo. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi rasmi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya kabla mavazi na mapambo yao hayajapotea kabisa. Kazi hiyo ilimchukua hadi katikati ya miaka ya 1950, akipita katika jamii zaidi ya 20: Waturkana na Waelmolo kando ya ziwa, Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wamaasai, hata Wagiriama na Wabajuni wa pwani. Alisafiri kwa gari lililojaa mahema, karatasi na masanduku ya rangi, mara nyingi bila mumewe, akipiga kambi mahali ambapo mkuu wa wilaya au chifu alikuwa ameahidi kumpatia watu wa kuchorwa.

Mtu aliyekubali kuchorwa alihitaji kukaa kwa muda mrefu bila kujongea, jambo ambalo hata kwa Mzungu ni taabu. Tuwazie mzee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru, aliyezoea kuketi ili asikilize kesi na kutoa hukumu, sasa anaketi ili atazamwe na mwanamke mgeni asiyejua lugha yake. Wengine walikubali kwa sababu ya malipo, na wengine kwa sababu chifu amesema. Haitakuwa ajabu ikiwa wapo waliokubali kwa kuwa walipenda sura zao zibaki.

Na zimebaki. Thamani ya kwanza ya picha hizi ni usahihi wake. Yule mchoraji wa maua hakumwacha nyuma yule mchoraji wa watu. Ushanga unahesabika mmoja mmoja. Unaona jinsi ngozi ilivyofungwa begani, kipuli kilivyopitishwa sikioni, rangi ya udongo ilivyopakwa usoni na mahali ilipokomea. Mafundi wanaotaka leo kutengeneza upya pambo la arusi au vazi la tohara la miaka ile wana mahali pa kutazama. Picha za kamera za siku hizo, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, hazingeweza kutuambia kwamba ushanga fulani ulikuwa mwekundu na jirani yake buluu. Brashi ilituambia.

Thamani ya pili inatokana na ule uchongaji wa ujanani. Nyuso hizi si vinyago vya kuonyeshea mapambo. Mzee ana uchovu wake, kijana ana majivuno yake, na mwanamke mwenye mikufu hadi kidevuni anamtazama mchoraji kwa jicho la mtu anayengoja mambo yaishe arudi nyumbani. Katika picha zilizofaulu zaidi, mtu amelishinda vazi.

Lakini kuna upande mwingine, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuuficha. Ua halina jina lake lenyewe. Hupewa jina la aina yake, na hilo linatosha. Binadamu si hivyo. Wengi wa waliochorwa wametambulishwa kwa kabila, rika au cheo chao kuliko kwa jina. Tuna mzee wa Kimeru, tuna mganga wa Kitharaka, tuna msichana wa jamii fulani aliyetoka jandoni. Ni nani? Mtoto wa nani? Aliishi wapi, na wajukuu wake wako wapi leo? Shanga zimehesabiwa zote, lakini mwenye shanga hatumjui. Kosa hilo halikuwa la Joy peke yake. Serikali iliyomtuma ilitaka mkusanyo wa makabila, jinsi makumbusho yanavyotaka mkusanyo wa vipepeo, na yeye alikuwa amefunzwa kazi ya namna hiyo hiyo.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Vita vya Maumau vilivuma Mlima Kenya wote. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika fungu moja la kushukiwa. Walibebeshwa vibali vya kusafiria, maelfu wakafungiwa kambini, na wanavijiji wakahamishwa kwa nguvu na kukusanywa mahali pamoja chini ya ulinzi. Nyumba zilichomwa, na pamoja nazo, bila shaka, vitu vingi vya aina ile ile ambayo mchoraji alikuwa akiihifadhi kwenye karatasi. Serikali iliyolipia picha za mavazi ya mababu ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma wenye mavazi hayo ndani ya seng'enge.

Ndani ya picha hakuna dalili yoyote ya hayo. Nyuma ya wengi wa waliochorwa kuna weupe mtupu wa karatasi, kama ilivyo desturi katika michoro ya mimea. Hakuna kijiji, hakuna mlima, hakuna askari. Mtazamaji anaweza kudhani kwamba watu hawa waliishi katika zama za kale zisizo na tarehe, kumbe baadhi yao walichorwa huku redio ikitangaza habari za misituni.

Kama si simba, huenda mjadala huo ungefanyika zamani. Tarehe 1 Februari 1956 George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alibaki Isiolo na akaitwa Elsa. Yaliyofuata yanajulikana dunia nzima: alivyolelewa, alivyofundishwa kuwinda, alivyoachiliwa katika nchi ya Meru na akazaa watoto watatu mwituni. Kitabu cha Born Free kilitoka mwaka 1960, kikauzwa kwa mamilioni. Filamu yake ya mwaka 1966 ilipata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake.

Elsa mwenyewe hakuiona sifa hiyo ikikua. Alikufa tarehe 24 Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa kando ya mto Ura. Watoto wake, wakiwa hawana wa kuwawindia, walianza kuvamia mbuzi wa wenyeji, na mmoja wao akachomwa mshale. Mwaka huo huo walikamatwa na kusafirishwa hadi Serengeti. Katika masimulizi mengi ya Ulaya, mfugaji aliyepoteza mbuzi huonekana kama kikwazo katika hadithi nzuri ya simba. Kwa watu wa huku, mbuzi wale walikuwa karo na mahari.

Ni haki kusema pia kwamba sehemu ya fedha za vitabu vya Elsa ilirudi katika uhifadhi. Baraza la wilaya ya Meru lilikuwa limetenga hifadhi yake mwaka 1959, na fedha hizo zilisaidia kuiendesha, hadi ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1966.

Picha za watu zilichapishwa pamoja na maelezo yake katika kitabu kikubwa kiitwacho The Peoples of Kenya, mwaka 1967. Kufikia hapo Kenya ilikuwa na uhuru wa zaidi ya miaka mitatu, na nchi changa iliyotaka shule, viwanda na suti haikuwa na hamu kubwa ya kutazama ngozi na mikufu ya chuma. Wasomaji wa ng'ambo nao walitaka simba. Kitabu kikaingia katika maktaba na kukaa. Alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1978, aliyeuzwa kwa wasomaji alikuwa bado ni mama wa Elsa.

Naye aliendelea na wanyama. Alirudi katika mbuga ya Meru pamoja na duma aitwaye Pippa, ambaye alimfuatilia mwituni hadi duma huyo alipokufa mwaka 1969. Alikuwa na nyumba kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, ambayo baadaye iligeuzwa kituo cha mafunzo ya mazingira. Mumewe alihamia Kora na simba wake mwaka 1970, na wawili hao, ambao hawakuwahi kuelewana sana, wakaishi mbali mbali bila kuachana. Kuanzia mwaka 1976 alishughulika na chui aliyeitwa Penny, na kwa ajili yake akapiga kambi katika hifadhi ya Shaba, mashariki mwa Isiolo.

Hapo ndipo alipouawa, jioni ya tarehe 3 Januari 1980, akiwa amebakiza siku chache atimize miaka 70. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, na ulimwengu ukaamini kwa urahisi kwa kuwa kisa kilikuwa kinamfaa. Uchunguzi ulionyesha kwamba alichomwa kwa silaha. Aliyekuwa mfanyakazi wake alitiwa hatiani mwaka uliofuata, akafungwa badala ya kunyongwa kwa sababu umri wake siku ya kitendo haukuthibitishwa kuwa wa mtu mzima. Kwamba Joy alikuwa mwajiri mgumu, mwepesi wa kugombana na wa kufukuza, ni jambo lililosemwa na wengi waliofanya kazi naye, Waafrika kwa Wazungu. Halihalalishi mauaji. Lakini nalo ni sehemu ya habari za maisha yake, sawa na maua na simba. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989.

Swali la picha bado lipo. Makumbusho yamezitunza kwa miongo mingi, na kazi hiyo si ndogo, maana rangi za maji hufifia zikikaa mwangani na karatasi huliwa na unyevu na wadudu. Ndiyo maana haziwezi kutundikwa zote kwa wakati mmoja, na nyingi hulala kabatini. Lakini nakala nzuri hazihitaji ulinzi huo. Nakala za picha za Wameru na Watharaka zikipelekwa Meru mjini, Maua, Kangeta na Tharaka, zikawekwa katika ukumbi wa kaunti au hata wa shule, huenda mkongwe mmoja angesimama mbele ya mojawapo na kumtambua baba yake, au shangazi yake, au pambo lililokuwa likitundikwa juu ya kitanda cha nyanya yake. Wanaoweza kutambua sura za mwaka 1950 wamekuwa wachache, na kila mwaka wanapungua.

Majivu ya Joy Adamson yaliletwa katika mbuga ya Meru na kuwekwa kwenye makaburi ya Elsa na ya Pippa. Wageni hupita Kangeta kwenda kuyaona. Elsa ana kibao chenye jina lake kando ya mto Ura. Wazee waliochorwa wako Nairobi, ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, na wengi wao bado wanangoja kuandikiwa jina.